Fromaji ya Shukrani

Ninyi marafiki zangu wa soko la Birere mna tabia moja: mtu akisafiri, mnataka arudi na maneno. Tangu nirudi, hakuna aliyepita kwenye meza yangu bila kuuliza, "Papa Bahati, Nairobi iliendaje?" Nami nimekuwa nikijibu kwamba Nairobi ni kubwa na asubuhi kuna baridi. Mmekwenda zenu mkinung'unika, kwa sababu mnanijua. Mimi ndiye ninayesimama kwenye mahari za watu kusema kwa niaba ya familia. Mimi ndiye ninayeitwa kwenye matanga kuwatuliza wafiwa. Mtu wa namna hiyo aende mbali vile na kurudi na neno "kubwa" peke yake, lazima kuna kitu.

Kipo. Nimeona aibu kukisema kwa mdomo, na mtaelewa kwa nini mdomo wangu siuamini tena. Basi nimekiandika.

Katindo mpaka barrière

Solange ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni noko wake, yaani mjomba. Vita vilipowatoa Masisi, dada yangu alishuka Goma akaja kukaa kwangu Katindo. Solange, ambaye tayari alikuwa mwanamke mzima mwenye akili zake, alipitia Uganda pamoja na wakimbizi wengine na hakusimama mpaka Nairobi. Huko alipata kazi kwenye bulanjeri, kiwanda kidogo cha mikate, cha mtu wa kwetu aliyehamia zamani. Wanamwita Papa Anselme. Miaka ikapita, Solange akioka na kutusalimia kwa simu. Kisha mashine ya kukanda unga ikamshika mkono wa kulia.

Vidole viwili vilibaki humo. Vilivyosalia vikaanza kujikunja, na daktari akasema mkono ule upasuliwe tena upesi, la sivyo utakauka umekunjwa hivyo hivyo maisha yake yote. Hospitali ikauliza nani atalipia. Solange akaenda ofisi ya kazi kumshtaki mwajiri wake. Papa Anselme akajibu kwa upole kwamba yeye si mwajiri wa mtu. Alisema Solange ni mtoto wa dada yake, anakaa kwake, anasaidia kazi za nyumba kama mtoto yeyote. Yeye ni noko wake.

Ofisi ikasema: kama kuna noko mwingine, aje, tumsikie.

Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa, ndugu zangu. Nilipaswa kuvuka mipaka mitatu kwenda kusema maneno machache: huyu si ndugu yetu, huyu ni bosi wake.

Siku tuliyokaa kuamua nani aende, mdogo wangu Bauma aliinua mkono. Mnamjua Bauma, fundi wa baiskeli. Anaweza kukaa nawe tangu asubuhi mpaka mchana asiseme ila "nipe spana". Akasema, "Nitaenda miye." Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi. Nikamwambia, "Bauma, kule watu wanaenda kusema, hawaendi kunyamaza." Akashusha mkono.

Asubuhi ya kuondoka, dada yangu alinishika koti. "Kaka, usiende mukono mutupu. Mutoto wangu amekula kwa watu miaka yote ile."

Alisema kweli, kwa desturi zetu. Huingii nyumba iliyomlisha mtoto wako bila kitu na bila asante. Mkono mtupu haulambwi. Nikachukua fromaji mbili kutoka kwenye meza yangu, jibini zile za mviringo za Masisi, na mnajua jinsi zilivyokuwa adimu tangu barabara ya Sake ifungwe. Moja ya Solange. Ya pili sikusema ni ya nani, na hakuna aliyeniuliza.

Kwenye barrière, kizuizi cha mpaka wetu na Rwanda, askari wa upande wa Gisenyi alifungua mfuko wangu akatikisa kichwa. Mke wangu alikuwa amezifunga fromaji kwa sachet za plastiki, naye alijua vizuri kwamba ng'ambo hawataki plastiki. Aliogopa harufu. Askari alizivua sachet moja moja kama mtu anayemvua mtoto nguo za matope, akanirudishia fromaji uchi. Sikuwa na kingine. Nikazifunga kwa shati langu jeupe la sherehe, lile ninalovaa kusemea watu mahari.

Kigali, Gatuna, na ng'ambo yake

Kutoka Kigali nilikaa karibu na mfanyabiashara wa Butembo, mtu mnene mwenye rozari shingoni, aliyekuwa akienda Nairobi kununua viatu. Nitamwita Papa Kasereka. Saa ya kwanza alivumilia. Saa ya pili alinigeukia.

"Papa, samahani. Kuna kitu kimekufa kwenye mufuko yako?"

"Ni fromaji."

"Ya Masisi?"

"Ya Masisi kabisa."

Uso wake ukafunguka. Akasema basi iendelee kunuka, hajala fromaji ya kweli tangu mwaka ule njia zilipofungwa. Tukawa marafiki. Tulipopanda milima ya kwenda Gatuna, mpakani mwa Uganda, nikamweleza safari yangu yote: Solange, mkono, bulanjeri, noko wa uongo. Alisikiliza huku akizungusha rozari, kisha akaniuliza swali moja.

"Huyo Anselme anajua unakuja?"

"Hata akijua?"

"Atakupokea. Sikia, Papa Bahati. Usikule kwake kabla ofisi haijakusikia. Mambo ikishaisha, kula mpaka uchoke. Kabla ya hapo, hata maji usikunywe."

Nikacheka. Nikamwambia mimi si mtoto wa kununuliwa kwa bugali. Akasema, "Sisemi watakununua. Nasema utakula, na ukishakula utasema aksanti. Sisi wote tuko vile."

Nilimwona mtu mwenye hofu nyingi. Wafanyabiashara huwa hivyo, nikajiambia, wanahesabu hata salamu.

Basi lililokwama

Kampala tulikula chapati iliyoviringishwa na mayai, moto, ikichuruzika mafuta mpaka kwenye kiwiko. Nilikula mbili. Tukabadili basi, na tulipokuwa bado hatujafika Jinja, basi likatoa mlio wa ajabu likasimama kando ya mashamba ya miwa.

Jua likapanda. Abiria wakaanza kumzonga dereva. Mama mmoja alitaka arudishiwe nauli, kijana mmoja alitaka kumpiga konda, na Waganda, Wakenya, Wanyarwanda na sisi wa Kongo kila mtu alikuwa akipiga kelele kwa lugha yake. Mnanijua. Sikuweza kukaa. Nilisimama juu ya jiwe nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, na wachache walioelewa wakawafasiria wengine. Niliwaambia kwamba dereva naye ana mama anayemngoja, kwamba njia moja inatufanya ndugu, kwamba hasira haijawahi kufunga boliti. Kelele zikashuka. Mama wa nauli akakaa kwenye nyasi. Konda alinishika mkono kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi, na mmoja akanipa muwa.

Nilirudi kwa Papa Kasereka nikitafuna muwa wangu, kifua mbele.

"Unasema vizuri," akaniambia.

"Ni zawadi tu."

"Unasema vizuri sana. Lakini basi ingali imekufa."

Ilikuwa kweli. Tulingoja pale mpaka kivuli cha basi kikavuka barabara. Lakini mimi nilikuwa nimeshapigiwa makofi, na mtu aliyepigiwa makofi hasikii.

Busia ikanimaliza kabisa. Afisa wa Kenya alifungua shati langu la sherehe, akanusa, akarudi nyuma.

"Mzee, hii imeoza."

"Haijaoza, mwanangu. Imekomaa."

Nikamweleza habari za vilima vyetu, nyasi, ng'ombe, umande, na wazee wanaozigeuza fromaji kila asubuhi kama wanaogeuza wagonjwa. Wenzake wakakusanyika. Nikatoa kisu nikakata kipande cha moja ili waonje. Akamega. Akamega tena. Akamwita mkubwa wake, naye akamega. Tuliruhusiwa kupita tukicheka, na fromaji moja ikiwa imeliwa kipande kizuri ubavuni.

Ndani ya basi nilizitazama zote mbili. Nikajiambia, hii iliyomegwa ni ya Solange, yeye ni mtoto wa nyumbani, hatajali. Hii nzima ni ya wenyeji. Niliamua hivyo bila hata kufikiri, na leo nikikumbuka, shingo inaniwaka.

Nairobi, mezani

Solange alikuwa ameniambia kwa simu: "Noko, nitakuwa hospitali wananibadilisha bandeji. Ukifika, kaa kwenye ofisi ya basi. Hapana enda na mutu."

Nilikaa. Miguu ilikuwa imevimba, nguo zinanuka, Papa Kasereka alishaniaga akaenda kwenye viatu vyake. Mbele yangu watu wa Nairobi walikuwa wakipita mbio kana kwamba wote wamechelewa mahali pamoja. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Muzee wa Masisi! Karibu, papa! Karibu nyumbani!"

Siku zote zile sikuwa nimesikia Kiswahili chetu ila kwa Kasereka. Niligeuka. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye kofia mkononi, macho ya upole. Alinikumbatia na uchafu wangu. Alibeba mfuko wangu mwenyewe, hakumwachia dereva. Jinsi alivyojua saa ya basi sikuuliza. Watu wetu kule wanasali pamoja, na habari haikosi mdomo wa kuibeba. Nilimjua ni nani kabla hajataja jina. Nikaingia kwenye gari lake.

Nyumba yake ungeiona ungedhani uko Himbi kwa matajiri: ukuta mrefu, maua, vigae. Nyuma ya nyumba ndiko bulanjeri ilikokuwa. Nilisikia mashine ikinguruma. Nikapewa maji ya moto ya kuoga. Nikapewa kanzu safi. Nilipotoka, meza ilikuwa imeandaliwa: bugali, sombe, kisamvu kilichotwangwa vizuri, na sambaza, dagaa zetu za Ziwa Kivu zilizokaushwa, Nairobi! Kando ya meza walikaa jirani zake wawili, mzee na mkewe, watu wa kanisa lake, Wakongo kama sisi. Nilifikiri amewaita kwa heshima yangu.

Mwanamke mmoja alileta maji ya kunawa. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Aksanti, mutoto wangu," Papa Anselme akamwambia.

Wa pili alileta chumvi, naye ana unga kwenye nyusi. "Aksanti, mutoto wangu." Wote walimwita Papa. Nilimwona mmoja akiangalia sambaza kwenye sahani yangu, kisha akanitazama usoni, kisha akarudi kwenye ngurumo. Nililiona hilo. Sitasema sikuliona.

Tulipokuwa tukila, Papa Anselme alizungumza taratibu. Alisema mambo ya Solange yanamuumiza. Alisema yeye mwenyewe atampeleka hospitali, wiki hii au ijayo, ofisi ya serikali ya nini? "Papa Bahati, sisi ni watu wa heshima. Mambo ya nyumba tunamalizia nyumbani."

Mkimwona mtu anasema hivyo huku anakuongezea sombe, mtafanya nini? Mimi nilifikiri kwamba kazi imekwisha. Nilifikiri mzee amelainika, na kilichobaki ni kumfunga kwa maneno mazuri asiweze kurudi nyuma. Kwetu ndivyo tunavyofanya: unamsifu mtu mbele ya watu kwa wema ambao hajautenda bado, ili aone aibu asipoutenda. Nimeozesha watoto wengi kwa njia hiyo.

Nikaenda kwenye mfuko. Nikatoa fromaji nzima. Nikasimama.

"Wazee, wamama, muniruhusu nisimame," nikasema. "Kwetu tunasema mutoto ni wa yule anamulisha. Solange alitoka kwetu akikimbia risasi, hana hata sahani. Papa Anselme, wewe ulimufungulia mulango. Ulimulisha, ulimulaza, ulimufundisha. Leo dada yangu amenituma niseme: sisi hatuna mutoto hapa Nairobi. Mutoto ni wako. Mimi ni noko kwa jina tu. Noko wa kweli njo wewe."

Katikati ya maneno hayo niliukumbuka mkono wa Solange. Naapa niliukumbuka. Lakini sentensi ilikuwa imeshaanza na ilikuwa nzuri, na jirani yule mama alikuwa ameshatoa kitambaa cha machozi. Sikuweza kuiacha njiani. Nikaimaliza, nikampa fromaji kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili. Watu walipiga makofi.

Simu yangu ililia. Ilikuwa Solange.

"Noko, uko wapi?"

"Niko kwa Papa Anselme. Usiogope, nimeshapanga mambo."

Hakuuliza mambo gani.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umesema?"

"Nimesema," nikajibu.

Akakata simu. Hakukata kwa hasira. Alikata kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ambayo hakuna mtu ndani. Nikakaa. Sambaza zilikuwa zimepoa.

Ofisi ya kazi

Asubuhi Papa Anselme alinipeleka mwenyewe. Solange alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono wa kulia ukiwa ndani ya bandeji juu ya mapaja. Alisimama akaniamkia kwa heshima zote, akainama kidogo kama alivyofundishwa na mama yake. "Noko, ulilala muzuri?" Nilitaka anitukane. Nikampa fromaji yake iliyomegwa. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akasema aksanti.

Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti kavu. Alitueleza mambo kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe.

"Zamani mkimbizi akija hapa, swali la kwanza lilikuwa: una kibali? Hana, basi anafukuzwa, na aliyemtumikisha anakwenda kunywa chai. Sheria inabadilika. Siku hizi mkimbizi anaweza kuandikishwa kazi, na akiumia, mwajiri hajifichi nyuma ya karatasi ambazo yeye mwenyewe hakumtafutia. Kwa hiyo hilo la karatasi liwekeni kando. Mimi nataka jambo moja tu. Hapa kuna mwajiri, au kuna mjomba?"

Solange alisema ni mwajiri. Alieleza saa za kuingia, mashine, wenzake. Alisema wote wanaitwa watoto, na mtoto hana likizo wala hana ajali.

Papa Anselme alisema ni mjomba. Kisha akawaita mashahidi wake. Walikuwa jirani wawili wa jana, mzee na mkewe. Wakaeleza, bila kuongeza uongo hata kidogo, kwamba familia ya Solange imetoka Goma kuja kumshukuru Papa Anselme kwa kumlea, na kwamba msemaji wa familia alimwita noko wa kweli mbele yao. Yule mama alikumbuka maneno yangu yote. Nilikuwa nimeyasema vizuri mno, hayasahauliki. Mwishowe Papa Anselme akafungua kifurushi cha gazeti, akaweka fromaji yangu juu ya meza ya serikali.

"Wakaniletea na hii," akasema kwa upole.

Joto la chumba lilikuwa limeanza kuitoa jasho. Afisa aliivuta miwani.

"Mzee," akaniambia, "hii umeileta wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema huyu ni mjomba wa kweli?"

"Nilisema, lakini..."

"Na leo unasema nini?"

"Leo nasema si ndugu yetu. Ni patro, bosi wake. Hatumjui."

"Basi jana ulisema uongo, au leo?"

Ndugu zangu, nimesemea watu mahari hata yule mbishi wa Katindo mnayemjua akanyamaza. Pale niligeuza kila jibu nikaliona lina mwiba. Nikisema nilidanganya jana, ushahidi wangu ni wa mwongo. Nikisema sikudanganya, Solange amekwisha. Nikatafuta njia ya tatu, nikasema, "Mama, jana ilikuwa adabu. Leo njo kweli."

Mtu fulani nyuma alicheka. Afisa hakucheka. Nadhani alinihurumia, jambo lililoniumiza kuliko kicheko.

"Adabu yako inafanana sana na ushahidi," akasema.

Hakuifunga kesi. Alisema atakwenda mwenyewe kwenye kile kiwanda bila kutangulia kupiga simu, na kwamba atamsikiliza tena ndugu wa Solange, lakini awe ndugu mwingine. "Aje mtu atakayejibu ninachouliza," akasema. "Nisije kuletewa hotuba na chakula." Mpaka hapo, hospitali haina wa kulipia. Solange aliuliza itachukua muda gani. Afisa akasema hajui.

"Na hii iondoeni," akaongeza, akionyesha fromaji.

Papa Anselme aliangalia dari. Mimi niliangalia viatu vyangu. Solange ndiye aliyeinuka, akaisukuma kwa kiwiko mpaka ukingoni mwa meza, akaikumbatia kwa mkono wa kushoto juu ya ile yake iliyomegwa.

"Chakula hakitupwi," akasema.

Nje alininunulia chai na mandazi. Mimi niliyetoka Goma kumsaidia, nilinunuliwa chai na mgonjwa. Nilijaribu kuomba radhi, na radhi yangu nayo ikaanza kuwa ndefu na nzuri, nikaisikia, nikaikatisha. Aliniambia, "Noko, kunywa, itapoa." Akanionyesha njia ya kurudi kwenye basi, akaondoka kuwapelekea fromaji wenzake wenye unga kwenye nyusi, akitembea upande mmoja umeinama kwa uzito.

Kurudi

Safari ya kurudi sina cha kueleza. Basi liliharibika tena, mahali pengine, na watu wakagombana na dereva. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, shati la sherehe likinuka magotini. Niliyakumbuka maneno ya Papa Kasereka, moja baada ya jingine, na nilimchukia kwa kuwa mtu mwema.

Nilipofika Katindo, dada yangu alinipokea mlangoni. "Uliwapa aksanti?"

"Niliwapa."

"Ulisema vizuri?"

"Nilisema vizuri."

"Mungu akubariki, kaka. Umenitoa aibu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikuwa nimelia hata tulipozika baba.

Siku chache baadaye Solange alipiga simu, sauti ikiwa wazi watu wote wakisikia. Alisema ofisi inamtaka ndugu mwingine upesi. Dada yangu, ambaye bado hakuwa ameelewa lolote, akasema, "Tukutumie tena noko wako Bahati, yeye njo anajua kusema."

"Hapana, mama," Solange akajibu. "Munitumie mutu hajue kusema."

Nyumba nzima ikanitazama. Hapo ndipo nilipowaeleza yote. Bauma alikuwa mlangoni akifuta mafuta ya mnyororo. Hakuinua mkono safari hii. Aliingia ndani akachukua koti. Nilimsindikiza mpaka barrière. Hakubeba kitu. Nilitaka kumpa maneno ya njiani, nikayameza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na mimi nilidhani wanamsemea mtu mwingine.

Aliporudi tulimzunguka. Ilibidi tumkamue kama limau kavu.

"Walikuuliza nini?"

"Kama Anselme ni ndugu yetu."

"Ukasemaje?"

"Hapana."

"Kisha?"

"Kama ni patro. Nikasema ndiyo."

"Kisha?"

"Nikakaa."

Afisa alikuwa ameshafika kwenye bulanjeri na kuwakuta wale watoto wa Papa Anselme kwenye mashine, wengine wana mvi. Akaandika kwamba hapa kuna mwajiri. Ikabidi Papa Anselme alipe hospitali, na wenzake Solange nao wameitwa kuandikishwa, mmoja mmoja. Solange amepasuliwa. Vidole vimefunguka. Kidole gumba hakikufika kukutana na vingine. Daktari alisema kingefika kama wangeanza mapema, wakati ule kesi iliposikilizwa mara ya kwanza. Hilo Bauma alilisema akiangalia pembeni, na halikuhitaji kufafanuliwa. Sasa Solange anashika kikombe kwa mikono miwili.

Basi, mmeuliza Nairobi iliendaje, na mmeuliza kwa nini kwenye mahari ya juzi nilikaa nyuma na watoto. Ndiyo sababu.

Jambo la mwisho. Bauma alikuwa ameshavua viatu alipokumbuka kwamba Solange alimpa salamu. Alitutaja wote kwa majina, mama yake, mke wangu, watoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Amesema uambiwe fromaji ilikuwa tamu."

Nimemuuliza Bauma mara nyingi alivyokuwa Solange aliposema hivyo, kama alitabasamu, kama alikunja uso. Bauma anasema hakuangalia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa tamu kweli, au ni adabu tu.